Alama Pasipo Msomaji

Siku hizi tunaona vijana wetu wa Dilala wanachorwa herufi za Asia mikononi. Tukiuliza maana, wanajibu: "Ni nguvu, mwalimu", ao "ni bahati". Nani aliwasomea? Hakuna. Walichagua kwa picha tu.

Hatukatai alama za mwili. Kwa Watabwa wa Moba, kulemba ni kuchanja chale, tena ni kuandika. Kwa Wachokwe, msalaba wa cingelyengelye unaonekana hata kwenye kipaji cha kinyago cha Mwana Pwo. Alama zile zilikuwa na wasomaji: mwenye kuchanja, mwenye kuchanjwa na watu wa kwao.

Kanji nazo ni maandiko, haziko mapambo. Wajapani walizipata China, na herufi mbili zikikaa pamoja zinaweza kuzaa neno lingine kabisa. Mwaka 2019 mwimbaji wa Marekani, Ariana Grande, alitaka kuandika "pete saba" katika kiganja. Wajapani wakasoma shichirin, ni kusema mbabula ndogo ya makala! Yeye alipata watu wa kumwambia.

Na kijana wetu? Hapa Kolwezi, tangu mkataba wa Sicomines wa 2008, wasomaji wa herufi hizo wako kati yetu. Mchina anaweza kumsoma kazini na kucheka, yeye mwenye ngozi asijue sababu. Atakuwa sawa barua yenye kubebwa na asiyeisoma.

Basi, mbele ya sindano, tafuta kwanza msomaji. Sisi waalimu tunafuta ubao kila siku. Ngozi haifutike hivyo.