Sauti Safi, Jina Hakuna: Huduma za Muziki kwa Msikilizaji wa Nyumbani

Mhakiki wa kitabu haishii kupima karatasi na wino. Hutazama pia kama jina la mwandishi limetajwa, kama mwaka wa chapa umeandikwa, na kama msomaji ameonyeshwa njia ya kuifikia kazi nyingine ya mwandishi huyo. Katika makala haya twakusudia kuzipima kwa kipimo hichohicho huduma zinazoleta muziki nyumbani kwa njia ya intaneti, yaani Spotify, Apple Music, Tidal na Qobuz, pamoja na programu za kompyuta zinazoupeleka muziki huo kwenye amplifaya na spika. Jambo hili latuhusu sisi walimu, kwa kuwa wimbo ni matini. Anayefundisha ushairi wa taarabu, au Kiswahili cha Katanga kwa njia ya nyimbo, huzitegemea huduma hizi kama alivyoitegemea maktaba.

Tuanze na sauti, maana ndiyo ipigiwayo mbiu zaidi na wauzaji. Sikio la kijana husikia mitetemo kati ya 20 na 20,000 hivi kwa sekunde, na uwezo huo hupungua kadiri umri unavyosonga. Diski ya CD hulipima wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde, kiasi kinachotosha kuibeba mitetemo yote hiyo. Kwa miaka mingi Spotify ilitoa faili lililobanwa, ambalo kiwango chake cha juu kilikuwa kilobiti 320 kwa sekunde. Kubana huko hutupa sehemu za sauti ambazo sikio halielekei kuzitambua. Mwaka 2021 Apple Music ilianza kutoa sauti isiyotupwa kitu bila kuongeza ada, na Spotify ikafuata Septemba 2025 kwa wateja wanaolipa. Tidal na Qobuz hupanda hadi vipimo 192,000 kwa sekunde.

Je, tofauti hizo zasikika? Faili lililobanwa kupita kiasi hujidhihirisha upesi: matoazi huchakaa na sauti ya mwimbaji hukauka. Lakini baina ya kilobiti 320 na CD tofauti ni ndogo mno, na vipimo vinavyozidi CD hubeba mitetemo ambayo msikilizaji wake ni popo, si mwanadamu. Anayetaka kuhakikisha na afanye mtihani wa haki: mwenzake abadilishe huduma bila kumwambia, na nguvu ya sauti iwe sawa kabisa, kwa sababu huduma inayopaza kidogo tu hudhaniwa kuwa bora. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tidal iliwahi kuutangaza mfumo uitwao MQA kuwa kilele cha usafi wa sauti. Mwaka 2023 kampuni iliyoumiliki mfumo huo ilikumbwa na matatizo ya fedha, na mwaka 2024 Tidal yenyewe iliuacha ikashika FLAC, mfumo ulio wazi kwa watu wote tangu mwaka 2001.

Gharama nayo isisahauliwe na wale wanaonunua intaneti kwa bando. Saa moja ya kilobiti 320 hula megabaiti 144. Saa moja ya ubora wa CD katika FLAC huwa baina ya megabaiti 300 na 450 hivi, kwa kutegemea muziki wenyewe. Saa moja ya vipimo 192,000 hupita megabaiti 2,000 kwa urahisi. Zaidi ya hayo, chombo hakiwezi kurudisha kisichorekodiwa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake za Kiswahili, santuri za wakati ule hazikuweza kubeba sauti za juu sana. Kuzimwaga santuri hizo katika faili kubwa kupindukia ni kuyatia maji ya kikombe katika pipa: pipa ni kubwa, maji ni yaleyale.

Basi kama kwa upande wa sauti huduma hizi zinakaribia kulingana, zinatofautiana wapi? Kwa maoni yetu, zinatofautiana katika majina. Chukua wimbo wa gita wa Mwenda Jean Bosco uitwao Masanga, uliorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi. Jina la mpiga gita huyu limeandikwa kwa namna nyingi: Mwenda Jean Bosco, Jean Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke. Mashine isipoelezwa kwamba hao wote ni mtu mmoja, itamgawa watu watatu, na mwanafunzi atakayempata mmoja atawakosa wawili. Chukua tena wimbo wa Malaika. Umeimbwa na Fadhili William, na Miriam Makeba, na wengine wengi. Lakini utunzi wake wagombaniwa, maana wapo wanaomtaja Adam Salim. Ukurasa unaotaja mwimbaji peke yake haumjulishi mwanafunzi hata kwamba pana mjadala. Katika taarabu hasara ni kubwa zaidi, kwani mara nyingi mshairi ni mwingine na mwimbaji ni mwingine. Mwimbaji hutajwa, mshairi huzama.

Kwa kipimo hiki Qobuz, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2007, imestahili sifa, kwani kwa baadhi ya albamu huambatisha kijitabu kizima kilichotoka na diski. Tidal nayo huorodhesha walioshiriki katika kurekodi. Spotify ilianza kuonyesha majina ya watunzi mwaka 2018, lakini msikilizaji hana budi kuyatafuta ndani. Roon, programu iliyotoka mwaka 2015, haiuzi nyimbo. Huyaunganisha mafaili ya mwenye nyumba na huduma za Tidal na Qobuz, kisha hulifanya kila jina kuwa mlango wa kazi nyingine za mtu huyo. Hiyo ndiyo katalogi tuliyokuwa tukiitamani. Kasoro yake ni mbili: ada yake si ndogo, na haiwezi kueleza isichoelezwa. Kadhalika, huduma zote huonyesha kile zilichopewa na makampuni ya muziki; penye upungufu, lawama ni ya wengi.

Lakini isidhaniwe kwamba haiwezekani kufanya vizuri zaidi. Mwaka 2023 Apple ilitoa programu ya pekee kwa ajili ya muziki wa kale wa Ulaya, Apple Music Classical, ambamo msikilizaji hutafuta kwa jina la mtunzi, la kiongozi wa okestra, au kwa namba ya kazi. Ilikubaliwa kwamba muziki ule hauenei katika katalogi ya kawaida. Sisi twauliza: taarabu, yenye mshairi, mtunga lahani, mwimbaji na wapigaji, yaenea vipi katika katalogi hiyo?

Shauri letu kwa walimu ni hili. Asiyekuwa na pesa za ziada asizitumie kutafuta vipimo 192,000; ubora wa CD watosha, na kusogeza spika mbali na kona za chumba kutamfaa kuliko kubadilisha huduma. Kwa nyimbo za kufundishia, anunue faili au diski, azihifadhi katika FLAC, na kuandika ndani ya kila faili jina la mshairi, la mwimbaji, mahali na mwaka. Programu za bure kama foobar2000 na MusicBrainz Picard zaifanya kazi hiyo barabara, na katalogi ya MusicBrainz iko wazi kwa yeyote mwenye ujuzi kuisahihisha. Darasa moja likizisahihisha nyimbo kumi, kwa kuwauliza wazee waliozicheza na kuzichungua santuri zilizobaki majumbani, litakuwa limetoa mchango usioweza kutolewa na kampuni yoyote. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na jina lisiloandikwa wakiwapo halitaandikwa tena.