Ngoma ya Wanawake katika Tamasha la Ushindi wa Myeongnyang: Uhakiki wa Jina na Kisa

Tamasha la Ushindi wa Myeongnyang, linalofanyika baina ya Haenam na kisiwa cha Jindo, kusini-magharibi mwa Korea Kusini, hukumbuka mapigano ya mwaka 1597. Katika mapigano hayo Admirali Yi Sun-sin, akiwa na merikebu 13, aliwashinda Wajapani waliokuja na manowari zisizopungua 133. Maigizo ya mapigano hayo yana uhalali wake. Mlangobahari upo palepale, mkondo wake ungali unanguruma, na mtazamaji aliye ufukoni huelewa mara moja kwa nini wingi wa merikebu haukufaa kitu.

Utata uko katika ngoma. Inasimuliwa kwamba Yi aliwavika wanawake mavazi ya askari, wakazunguka moto mlimani usiku ili adui adhani jeshi ni kubwa, na kwamba ganggangsullae ilizaliwa hapo. Kisa hicho huegemezwa kwenye jina lenyewe, ambalo likiandikwa kwa herufi fulani za Kichina husomeka kama onyo kwamba adui mwenye nguvu anavuka maji. Hoja hii ni dhaifu. Herufi zimefuata sauti, kisha maana ikasomwa humo kana kwamba ilikuwamo tangu mwanzo. Maelezo yanayoanzia lahaja ya Jeolla, ambamo gang ni duara, yana mashiko zaidi, ingawa sullae nayo huhusishwa na doria, na hivyo harufu ya ulinzi haikosekani. Shajara ya Yi, inayoeleza siku ya mapigano kwa kina, haitaji ngoma yoyote.

Kinachopotea si kidogo. Ngoma hii ilichezwa hasa usiku wa mwezi mpevu wa Chuseok, tarehe 15 ya mwezi wa nane wa kalenda ya mwandamo. Mapigano yalitokea mwezi mzima baadaye. Kwa wasichana wa vijijini, huo ulikuwa mojawapo ya nyakati chache walizoruhusiwa kutoka usiku na kupaza sauti. Kiongozi hutoa ubeti, duara huitikia, na miondoko huiga kukanyaga vigae, kukunjua jamvi, kukamata panya, kutunga samaki. Ni kazi na utani wao wenyewe. Tamasha likiifanya hila ya admirali, wanawake hubaki kuwa kivuli cha jeshi.

Suala hili lawahusu pia washauri wa sera wa Afrika Mashariki. Ganggangsullae iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2009, mwaka uleule zilipoorodheshwa mila za kaya za Wamijikenda, na maelezo yanayoandikwa ili kuiombea mila nafasi huelekea kugeuka historia yake rasmi.

Jindo ina kumbukumbu nyingine isiyohitaji kutiwa chumvi. Kwenye kilima cha Waedeoksan, kwa mujibu wa masimulizi ya kisiwani, wanakijiji waliwazika Wajapani ambao maiti zao zilitupwa pwani na mawimbi, na jina la kilima hicho limehifadhi fadhila hiyo waliyotendewa maadui. Mwongozo wa tamasha ungeanzia hapo, na kisa cha mavazi ya askari ukakitaja kuwa ni kisa tu.