Ndovu Achezaye Walsi: Jinsi Saint-Saëns Alivyousanii Mzaha

Kwa msikilizaji wa Goma, ambaye Hifadhi ya Virunga, iliyoasisiwa mwaka 1925, imemfanya ndovu kuwa jirani na si mnyama wa hadithi tu, yafaa sana kuuchungua utunzi mfupi wa Mfaransa Camille Saint-Saëns uitwao "L'Éléphant", ambao hauchukui hata dakika mbili, wala hauhitaji ila wapigaji wawili: mmoja wa piano, na mmoja wa kontrabasi, ile fidla kubwa kuliko zote isikikayo pia katika taarabu ya Unguja. Ni kimoja katika vipande 14 vya "Le Carnaval des animaux", alivyovitunga mwaka 1886 kwa ajili ya kuwafurahisha rafiki zake, kisha akakataza visichapishwe maadamu yu hai, isipokuwa kile cha bata maji. Navyo vikapigwa chapa mwaka 1922, baada ya yeye kufariki.

Piano hutangulia kwa mahadhi ya walsi, mapigo matatu yajirudiayo, na amri iliyoandikwa juu ya noti ni kwamba mwendo uwe wa wastani wenye fahari. Ndipo kontrabasi huingia na lahani, na hapo sikio hutaharuki, kwa sababu ala iliyozoea kushika msingi sasa ndiyo iimbayo, mithili ya bendi ya rumba iliyolinyang'anya gitaa la solo sebene yake na kulikabidhi gitaa la besi.

Katikati ya kipande mtunzi huazima lahani mbili za watu mashuhuri: ya kwanza ni ya Hector Berlioz, kutoka "La Damnation de Faust" ya mwaka 1846, ambamo fidla huwasawiri viumbe wa hewani kwa sauti hafifu mno, na ya pili ni kijisehemu cha Scherzo ambayo Mendelssohn aliitungia tamthilia ya Shakespeare, "A Midsummer Night's Dream". Zote mbili asili yake ni wepesi na sauti za juu. Saint-Saëns akazishusha hadi kwenye nyuzi nene, ambazo kwa tabia yake huchelewa kuuitikia upinde, hata noti za haraka zikatoka kwa jitihada inayosikika dhahiri. Azijuaye lahani hizo hucheka kwa kuzitambua, na asiyezijua hufurahia uzito unaojitahidi kuwa mwepesi.

La kustahiki sifa zaidi ni yale aliyojizuia kuyatenda: hakuiga mlio wa mkonga, wala hakuzikoroga sauti ili ndovu aonekane mjinga, bali alimwachia heshima yake yote. Kwa hiyo mpigaji anayetia madoido ya kuchekesha huubatilisha mzaha. Wajibu wake ni kuimba kwa upinde safi na kwa unyofu kamili. Na mwanamuziki kijana wa Goma atakaye kutunga kitu cha namna hii, kabla ya kutafuta lahani mpya, na ajiulize kwanza: hii niliyo nayo, ni ala gani ambayo haijapata kuiimba?