Pongezi kwa Waandishi wa Vitabu vya Kumbukumbu

Akina mama wa NACWOLA, chama kilichoanzishwa Uganda mwaka 1992 na wanawake wanaoishi na VVU, wanastahili pongezi kwa kazi ambayo zahanati haina muda nayo: kumkalisha mama na daftari, aandike ukoo, utoto wake na siku mwanawe alipozaliwa, abandike na picha, na katikati ya hayo amweleze mtoto kuhusu ugonjwa wake. Anayeandika hivyo si mgonjwa tu tena. Ni mzazi anayesimulia. Wapo watakaosema daftari halishushi virusi, na kwamba vitabu hivyo vya kumbukumbu vilikuwa vya kuagana, enzi za kukosa dawa. Kweli, dawa ndiyo inayookoa maisha. Lakini anayemeza kidonge kwa kujificha ni rahisi kukatisha dozi, na siri hiyo ndiyo ambayo daftari huanza kuivunja. Na si Uganda tu: mkoani Njombe, ambako utafiti wa 2022-23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wana VVU, kiwango kinachopita cha mikoa mingine yote ya Tanzania, kazi hiyo ingali inahitajika, kuanzia Makambako mpaka vijiji vinavyouzunguka mlima wa chuma wa Liganga. Asiyejua kuandika asimulie, mwanawe aandike.