Karatasi ya jua na mwezi

Wandugu, leo siandiki juu ya muhogo. Nataka tuongee juu ya kitabu cha David Werner, chenye kwa Kiswahili kinaitwa Mahali Pasipo na Daktari. Werner hakuwa muganga. Alisomea biolojia, akaenda kuishi na watu wa milimani kule Meksiko, na kitabu kilitoka kwanza kwa Kispanyola mu miaka ya 1970. Mimi ninakisoma na macho ya Kadutu, pahali garde-malade ndiye anaosha mugonjwa, anamupikia, anakimbia ku famasi na ordonansi, na usiku analala chini, pembeni ya kitanda.

Ukurasa wenye ninapenda zaidi hauna maneno mengi. Ni vikaratasi vya kupimia dawa: jua linapanda, jua la katikati, jua linashuka, mwezi. Chini ya kila picha unachora komprime, nzima ao nusu. Basi. Hata mama mwenye hakusoma anajua saa ya kumeza. Sasa linganisha na kile tunaandikiwa ku sashe: 1 cp x 3/j. Mwenye kuandika anaelewa. Lakini mu nyumba ya Cimpunda, pahali banakula mara moja kwa siku, hiyo "mara tatu" ni saa ngapi? Mama atakuambia: "Balisema kisha kula, na hatuyakula." Anangojea chakula cha mangaribi, komprime mbili zinabaki mu sashe. Kisha tunasema watu hawafuate maagizo!

Sisi maagronome jambo hili tunalijua. Chupa ya dawa ya wadudu iko na picha: glovu, maji ya kunawa, kichwa cha mufu. Mulimaji alifikiriwa. Mwenye kulinda mugonjwa, bado.

Kitabu kiko na upungufu pia. Kiliandikiwa kijiji chenye hakina daktari, na Kadutu iko na hospitali, iko na famasi mingi. Kwetu kinachokosekana ni mutu wa kukueleza. Baganga banaongea Kifaransa kati yao juu ya kitanda, garde-malade anaangalia midomo yao. Tena matoleo ya zamani yanataja klorokini kwa malaria, na Kongo iliiacha kitambo. Ukiokota toleo la vile, kurasa za dawa uziruke.

Lakini mulango wa kulinda mugonjwa, ijapokuwa ni mufupi, usiuruke: kumugeuza mara kwa mara asitoke vidonda mugongoni, kumunywesha, kujua dalili zenye haziruhusu kungoja kesho. Ni garde-malade wangapi walielezwa haya siku ya kutoka hospitali? Siku ile wanaelezwa fakture, mustari kwa mustari.

Na mulango ule unaangalia mwili wa mugonjwa tu. Mwenye kumubeba mugongoni toka chini ya Nyamugo mpaka barabarani, juu moto haifike ku nyumba, mugongo wake nani anauulizia?

Nimejaribu: karatasi moja ya A4 inatoa vikaratasi vinane vya jua na mwezi, na fotokopi si bei. Kama kati yenu kuko mwenye famasi Nkafu, Nyamugo ao Kasali, aniite. Kuchora nitachora mimi.