Utumwa wa Kodi, Utumwa wa Pingu

Bunge la Uingereza lilipowatoza walowezi wa Marekani kodi ya stempu mwaka 1765, wao, wasio na mjumbe humo, walilalama kuwa wamefanywa watumwa. Phillis Wheatley alikuwa mtumwa wa kununuliwa, aliyefikishwa Boston mwaka 1761 akali mtoto. Katika shairi lake kwa Earl wa Dartmouth, aliyekabidhiwa wizara ya makoloni mwaka 1772, anatanguliza sifa, kisha anasema mapenzi yake ya uhuru yalichipuka alipopokonywa babake huko Afrika. Msomaji wa haraka ataona kujipendekeza; ajuaye fumbo hadanganyiki. Sifa ni ganda, kokwa ni shutuma. Miongoni mwa walalamikaji hao walikuwamo wamiliki wa watumwa. Shairi lawauliza, kwa adabu, uhuru huo ni wa nani.