Jua na Kivuli katika Karatasi Moja

Mtu aliyeketi barazani hapa Tunda wakati wa adhuhuri huona kwa pamoja uwanja unaometa kwa jua na, ndani ya mlango ulio wazi, chungu kilichotulia juu ya mafiga. Lakini kamera haikujaaliwa basira hiyo, kwani ukiipimia nuru ya uwanja chumba huwa kaniki, na ukiipimia nuru ya chumba uwanja hubaki weupe mtupu. Kwa ajili hiyo mafundi hupiga picha tatu pasipo kuitikisa kamera, moja kwa nuru ya kadiri, moja kwa robo yake na moja kwa mara nne yake, kisha wakazichanganya kwa kompyuta. Wala si hila ya jana: katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alichapa bahari kutoka negativi moja na mawingu kutoka negativi nyingine, juu ya karatasi moja.

Ukiletewa picha ya namna hii, usianze kuitazama mbingu, maana mawingu ya kutisha ndiyo aghalabu kiburi cha fundi mchanga. Anza na kivuli. Mama anayetwanga sombe chini ya upenu aonekane sura na mikono, naam, lakini awe kivulini kweli; akiwa na nuru sawa na ya kuku walio juani, picha hiyo imesema uongo, hata rangi zake zikipendeza namna gani. Kisha fuatisha ukingo wa paa unapokutana na mbingu: ukiona utepe mweupe umelizunguka kama moshi, jua kwamba mkono wa fundi ulikuwa mzito. Mwisho angalia mchi, kwani kati ya picha na picha mchi haukungoja, na fundi aliyeghafilika humwachia mama huyo michi mitatu, miwili ikiwa kama mizuka.

Kuchapa ni mtihani mwingine, na kwa rai yangu ndio mgumu zaidi. Weupe wa karatasi nzuri inayong'aa huuzidi weusi wa wino wake kwa kiasi cha mara 100 au 200 tu, na karatasi isiyong'aa haifiki hapo, ilhali jua la uwanjani huweza kulizidi giza la chumbani mara 10,000. Niliwahi kuichapisha picha ya baraza kama hii baada ya kuiridhia kwenye kioo cha kompyuta chenye mwanga mkali. Nikapewa chumba cha tope, chungu hakionekani. Kosa lilikuwa langu. Niliififiza kompyuta, nikakinyanyua kivuli kidogo, uwanja nisiuguse, nikachapisha tena. Na nilipoipeleka picha mlangoni, penye nuru ya mchana, nikaliona sizi ubavuni mwa chungu, na juu ya sizi alama ya vidole vya mtu aliyekiepua.